Jim Braddock: bondia aliyepigwa Chicago akalipwa miaka kumi

Usiku wa tarehe 22 Juni 1937, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, James J. Braddock alianguka kifudifudi na hakunyanyuka hadi mwamuzi akamaliza kuhesabu kumi. Ilikuwa raundi ya nane. Joe Louis, kijana wa miaka 23, alimtandika konde la kulia la taya, na konde hilo hilo likamvua Braddock ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tangu Jack Johnson, bingwa mweusi, apoteze mkanda mjini Havana mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyewahi hata kuruhusiwa kuugombea. Mitaa ya watu weusi Chicago na Harlem haikulala.

Ukiuliza nani alifaidi usiku ule, jibu la haraka ni Louis. Lakini mtu aliyebebwa kurudishwa konani, uso umevimba na mdomo umepasuka, alikuwa na karatasi iliyosainiwa. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, sehemu ya kumi ya faida itakayotokana na mapambano ya Louis ya ubingwa ingekuwa yake kwa miaka 10. Kwa maneno mengine, mshindi angeendelea kupigana na aliyeshindwa angeendelea kulipwa.

Nimeanzia hapa kwa sababu kisa cha Braddock kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya kulalia watoto. Mwandishi wa michezo Damon Runyon ndiye anayetajwa kumbandika jina la Cinderella Man, na jina likamganda mpaka leo: maskini, mtoto wa kambo wa ndondi, kaamka asubuhi bingwa. Ni jina tamu, ila linaficha jambo lenyewe. Cinderella alitegemea mchawi mwema. Braddock alitegemea mkono wa kushoto na meneja aliyejua bei. Ukifuatilia bei tu, yaani watu walimthamini kwa kiasi gani kila wakati na kama walikuwa sahihi, kisa kizima kinajifungua.

Alizaliwa tarehe 7 Juni 1905 katika mtaa wa Hell's Kitchen, New York, kwenye familia ya asili ya Ireland, na akakulia ng'ambo ya mto, upande wa New Jersey. Jina lake halisi lilikuwa James Walter. Hiyo "J." aliivaa ili afanane na mabingwa wa zamani, James J. Corbett na James J. Jeffries. Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1926 chini ya meneja Joe Gould, mtu mfupi, mwenye maneno mengi, ambaye ukimwondoa kwenye kisa hiki hakibaki kisa.

Braddock wa miaka ile hakuwa bondia wa kupendeza macho. Miguu mizito, ulinzi wa wastani. Alichokuwa nacho ni mkono wa kulia. Novemba 1928 alipelekwa Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa ndondi New York, kama kitoweo cha Tuffy Griffiths, kijana aliyekuwa anafagia kila aliyewekwa mbele yake, na Braddock akamlaza raundi ya pili. Hapo bei yake ikapanda ghafla. Tarehe 18 Julai 1929 alipanda ulingoni Yankee Stadium kugombea ubingwa wa uzito wa juu mwepesi dhidi ya Tommy Loughran, mmoja wa mafundi wakubwa wa kukwepa ngumi waliowahi kuvaa glavu. Kwa raundi 15 Braddock alirusha mkono wa kulia na Loughran hakuwepo. Akapoteza kwa pointi, na bila ubishi.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1929, soko la hisa la Wall Street likaporomoka. Akiba ya Braddock ikayeyuka pamoja na za wengine. Januari 1930 akamwoa Mae Fox, na katika miaka michache wakapata watoto watatu: Jay, Howard na Rosemarie. Sasa alikuwa na midomo mitano ya kulisha, na kazi yake ilitegemea mkono wa kulia ambao ulikuwa umeanza kuvunjika.

Wanaosimulia wengi hulipitia jambo la mkono kwa haraka, nami naona ndilo lenyewe. Mfupa wa kiganja ukivunjika unahitaji muda wa kuunga. Muda ni pesa, na Braddock hakuwa na pesa. Alipigana kabla haujapona, ukavunjika tena, akapigana tena. Kati ya 1930 na 1933 alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, dhidi ya watu ambao mwaka 1928 wasingemfikia. Mapromota hawakusoma vipimo vya hospitali, walisoma matokeo. Matokeo yalisema mtu huyu kaisha. Ukweli ni kwamba mtu huyu alikuwa anapigana na silaha yake moja tu, tena mbovu, na bado anamaliza raundi. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo iliyokuja kumtajirisha, lakini wakati ule hakuna aliyeiona, pengine hata yeye mwenyewe.

Tarehe 25 Septemba 1933, Mount Vernon, New York, alipigana na Abe Feldman na mkono wa kulia ukavunjika tena. Pambano likachusha kiasi kwamba lilisimamishwa na kutangazwa halina matokeo. Hiyo ilikuwa kama barua ya kufukuzwa kazi.

Akashuka bandarini.

Mwaka 1933 karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye nguvu za kufanya kazi Marekani hakuwa na kazi. Kwenye gati za ukingo wa mto Hudson, upande wa New Jersey, utaratibu ulikuwa ule ule unaojulikana na kila aliyewahi kutafuta kibarua: alfajiri wanaume wanasimama nusu duara, nyapara anapita, ananyoosha kidole. Wewe, wewe, na wewe. Waliobaki warudi nyumbani kwa miguu. Braddock alisimama pale na watu waliokuwa wamemwona akipigana Yankee Stadium. Siku akichaguliwa, anapewa kulabu: chuma kilichopinda chenye mpini wa mbao. Unaikita kwenye gunia au mzigo uliofungwa, unavuta, unainua, unageuka, unaachia. Mara mia, mara mia tatu, hadi meli ijae. Mkono wa kulia hauwezi kushika, basi kulabu ikahamia kushoto.

Braddock na Gould wote walieleza baadaye kwamba kazi ile ndiyo iliyoujenga mkono wake wa kushoto. Naamini, kwa sababu inaeleweka hata kwa mtu asiyewahi kuvaa glavu. Bondia wa mkono wa kulia akiwa na fedha na mkufunzi hafanyi mazoezi ya kushoto kwa saa nane kwa siku. Anachoka, anarudi kwenye silaha anayoipenda. Braddock hakuwa na pa kurudi. Na bega linalovuta mizigo kutwa halijengwi ukumbini.

Kibarua hakikutosha. Umeme ukakatwa, deni la maziwa likapanda, na hatimaye akaenda kuandikishwa kwenye msaada wa serikali: dola 24 kwa mwezi. Tugawe kidogo. Ni senti 80 kwa siku, watu watano, senti 16 kwa kila kichwa. Huyo ndiye Braddock wa masika ya 1934, na hiyo ndiyo bei aliyokuwa nayo.

Juni 1934 mapromota wa New York walikuwa wanaandaa pambano kubwa la Primo Carnera na Max Baer kwenye uwanja wa Madison Square Garden Bowl, Long Island City. Kwenye mapambano ya utangulizi alikuwepo kijana wa Georgia aliyekuwa anapaishwa, John Griffin, maarufu kama Corn. Alihitaji mtu wa kumpiga. Mtu mwenye jina kidogo, asiye na hatari. Gould akapewa nafasi hiyo zikiwa zimebaki siku mbili. Malipo: dola 250. Kwa mtu wa dola 24 kwa mwezi, huo ni mshahara wa zaidi ya miezi kumi kwa kazi ya usiku mmoja, hata kama kazi yenyewe ni kupigwa.

Tarehe 14 Juni, raundi ya pili, Griffin akamwangusha. Mambo yakaonekana yanakwenda kama yalivyopangwa. Braddock akanyanyuka, na raundi ya tatu akammaliza Griffin. Watu waliokuwa bado wanatafuta viti vyao, maana walikuja kumwona Carnera, walikosa kuona mkono wa kulia uliopumzika kwa miezi tisa ukifuata nyuma ya mkono wa kushoto ambao hawakuujua. Baadaye usiku ule ule Baer alimwangusha Carnera mara kadhaa na kumvua ubingwa katika raundi ya 11. Yaani bingwa mpya na mtu atakayemvua ubingwa walipigana ulingo mmoja, jioni moja, na hakuna aliyewaweka pamoja kichwani.

Novemba mwaka ule Braddock alimpiga kwa pointi John Henry Lewis, bondia stadi aliyekuwa amemshinda miaka miwili kabla, na ambaye mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Machi 1935 akamshinda Art Lasky kwa raundi 15. Mapambano matatu, mara zote tatu aliletwa kama daraja la mwenzake kuvukia. Alipoanza kupata fedha, alirudi ofisi ya msaada na kurudisha alichokuwa amepewa. Magazeti yaliishika habari hiyo kwa mikono miwili, na nina hakika Gould hakuwazuia. Nchi iliyokuwa imejaa watu wanaoona haya kupanga foleni ya mkate ilipata mtu wake.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Max Baer.

Baer anahitaji haki yake hapa. Filamu ya mwaka 2005 kuhusu Braddock ilimchora kama katili anayejigamba kwa kuua. Ni kweli Frankie Campbell alifariki baada ya kupigana naye San Francisco mwaka 1930. Lakini Baer alilibeba jambo lile maisha yake yote, na aliisaidia familia ya marehemu kwa fedha za mapambano yake. Alikuwa mcheshi, mpenda starehe, mwenye kombora la kulia ambalo huenda halikuwa na mfano wakati ule. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: alichoka haraka na kitu kisichomfurahisha, na mazoezi hayakumfurahisha.

Wacheza kamari waliweka kumi kwa moja dhidi ya Braddock. Ukumbi wenye nafasi ya watu 72,000 uliuza tiketi kwa karibu watu 30,000. Hata kwa bei za wakati wa dhiki, huo ni uwanja uliokwishaamua matokeo. Kulikuwa na dokezo moja, kwa wanaopenda madokezo: pale Madison Square Garden Bowl, Max Schmeling alipoteza ubingwa kwa Jack Sharkey mwaka 1932, Sharkey akaupoteza kwa Carnera 1933, Carnera kwa Baer 1934. Uwanja ule haukupenda mabingwa.

Tarehe 13 Juni 1935 Baer alimzidi Braddock kwa zaidi ya paundi 15. Sasa tazama jinsi pambano lilivyohesabiwa, kwa sababu wengi husema Braddock alishinda kwa moyo, na moyo hauandikwi kwenye karatasi ya mwamuzi. New York wakati ule walihesabu kwa raundi. Raundi unayoshinda kwa kumtikisa mpinzani mpaka magoti yalegee, na raundi unayoshinda kwa ngumi chache nyepesi za kushoto, zote ni raundi moja. Kwa mtu kama Baer, aliyezoea kumaliza kazi kwa konde moja, mfumo huo ni mtego. Alicheza na watazamaji, akajifanya amelegea, akatabasamu, akampiga Braddock kwa mgongo wa mkono na chini ya mkanda, na baadhi ya raundi zikamponyoka kwa rafu hizo. Braddock kwa upande wake alifanya jambo moja lisilo na mvuto kwa robo tatu za saa: mkono wa kushoto usoni, hatua moja pembeni, kushoto tena. Ule mkono wa kulabu.

Kuna nyakati Baer alimpata. Katika raundi za mwisho aliamka usingizini na kurusha makombora yaliyowalaza watu wakubwa kuliko Braddock. Braddock aliyapokea na akabaki amesimama, na hapo ndipo moyo unapoingia kwenye hesabu, si kabla. Waamuzi wote watatu walimpa Braddock. Siku sita baada ya kutimiza miaka 30, mtu aliyekuwa kwenye daftari la msaada mwaka mmoja nyuma alikuwa bingwa wa dunia.

Hadithi nyingi huishia hapo. Mimi naona ndipo Gould alipoanza kazi yake.

Mkanda wa uzito wa juu wa miaka ile ulikuwa mali kubwa kuliko zote kwenye michezo, lakini mali ya kuharibika. Ukiutetea hovyo unaupoteza bure. Carnera aliushika mwaka mzima akizungukwa na wahuni waliokuwa wanamkamua kama ng'ombe, akaondoka karibu mikono mitupu. Gould alikuwa na bingwa wa miaka 30, mikono yenye historia ya kuvunjika, ambaye huenda angeshindwa na yeyote kati ya wapinzani watatu wakubwa. Kwa hiyo hakumpeleka popote. Kwa miaka miwili Braddock hakutetea ubingwa hata mara moja. Alifanya maonyesho, akapokea mialiko, akala.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inapandisha bei kwa niaba yake. Juni 1936 Schmeling wa Ujerumani alimlaza Joe Louis raundi ya 12, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kwa haki ya michezo, Schmeling ndiye aliyestahili kupewa Braddock, na mkataba ukasainiwa. Pambano la Septemba mwaka ule likaahirishwa Braddock aliposema mkono unamsumbua. (Mkono ule ulikuwa na rekodi safi ya kusumbua, ila safari hii ulisumbua kwa wakati mzuri ajabu.) Likapangwa upya tarehe 3 Juni 1937.

Vyama vilivyopinga Wanazi vikatangaza kulisusia. Promota Mike Jacobs, aliyemshika Louis, hakutaka kuona mkanda ukipanda meli kwenda Berlin kwa Hitler, ambako huenda Louis asingeupata tena. Gould, Myahudi wa New York, alikuwa na sababu zake za moyoni, na hapo hapo alikuwa na kitu ambacho Jacobs alikihitaji kwa udi na uvumba. Akataja bei: donge la pambano lenyewe, pamoja na sehemu ya kumi kwa miaka 10. Jacobs akakubali. Madison Square Garden, waliokuwa wameandaa pambano la Schmeling, wakaenda mahakamani New Jersey kumzuia Braddock asipigane na Louis, mahakama ikawakatalia. Tarehe 3 Juni Schmeling alikwenda kupimwa uzito New York kwa pambano ambalo kila mtu alijua halipo, akasimama kwenye mizani peke yake. Tume ya ndondi ya jimbo ikamtoza Braddock faini. Ilikuwa kama kumtoza mwenye duka la almasi kwa kutofagia kibaraza.

Schmeling alidhulumiwa, hilo lisemwe. Alishinda nafasi yake ulingoni na ikauzwa mezani.

Swali linalonisumbua zaidi ni hili: zile pesa zilitoka kwa nani hasa? Kwenye karatasi ni faida ya promota. Kwenye ulingo ni jasho la Louis, kijana mweusi ambaye, ili apewe nafasi ambayo mzungu yeyote wa kiwango chake angepewa bure, ilibidi mlango ulipiwe kodi ya miaka 10. Braddock hakuwa mbaguzi. Alikubali kuvunja ukuta wa rangi ambao mabingwa kadhaa kabla yake waliulinda, na Louis mwenyewe baadaye alimtaja kuwa jasiri kuliko wote aliopigana nao. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na siwezi kulifuta moja ili jingine lipendeze.

Na Chicago hakwenda kuchukua hundi tu. Raundi ya kwanza alimwangusha Louis kwa konde fupi la kulia la kutoka chini. Louis akanyanyuka mara moja, na kuanzia hapo ikawa suala la muda. Baada ya raundi ya saba Gould alitaka kurusha taulo. Braddock akamwambia akithubutu hatazungumza naye tena maisha yake yote. Fikiria jambo hilo: mkataba umeshasainiwa, akianguka sasa au baadaye malipo ni yale yale, meneja aliyeupata mkataba huo anamsihi aache. Kwa hesabu za Gould hakukuwa na sababu hata moja ya kutoka kwenda raundi ya nane. Akatoka.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 22 Juni 1938, Louis alimlaza Schmeling kwa sekunde 124 mbele ya watu wapatao 70,000 Yankee Stadium. Mapato ya mlangoni yalizidi dola milioni 1. Louis alitetea ubingwa mara 25, akastaafu 1949, na deni la kodi likamrudisha ulingoni 1950 akiwa mtu wa miaka 36 asiye na kasi tena.

Braddock alipigana mara moja tu baada ya Chicago. Januari 1938 alimshinda Tommy Farr wa Wales kwa pointi, waamuzi wakigawanyika, akatundika glavu. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliingia jeshini akawa ofisa, akahudumu hadi kisiwa cha Saipan. Baada ya vita akafanya biashara ya vifaa vya meli. Nyumba aliyoinunua North Bergen kwa fedha za ubingwa hakuiacha, na humo ndimo alimofariki tarehe 29 Novemba 1974.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, New York ilipokuwa inajenga daraja la Verrazzano-Narrows kwenye mdomo wa bandari, Braddock alikuwa mmoja wa vibarua wa ujenzi ule. Wakati huo ule mkataba wa miaka 10 ulikuwa umekwisha zamani. Daraja lilifunguliwa Novemba 1964, naye akiwa na miaka 59, na meli zilizoingia bandarini kutafuta gati zilipita chini ya daraja hilo.